Wakanda Kando ya Ziwa Turkana: Katuni za Mashujaa na Hoja za Mashabiki Wake

Katuni za mashujaa ni hadithi za picha zinazotoka kwa matoleo, mwezi baada ya mwezi, kuhusu watu wenye nguvu zisizo za kawaida waliojitwika kazi ya kuwatetea wanyonge. Zilianza kwa kishindo Marekani mwezi Juni 1938, toleo la kwanza la Action Comics lilipomleta Superman kwa bei ya senti 10. Waliomtunga, Jerry Siegel na Joe Shuster, walikuwa vijana wa mji wa Cleveland, na waliuza haki za shujaa wao kwa dola 130. Mwaka uliofuata akaja Batman, mwaka 1941 Wonder Woman, na kuanzia 1961 kampuni ya Marvel ikaongeza kizazi kipya cha mashujaa wanaohangaika na kodi ya nyumba, mapenzi na masomo, Spider-Man akiwa mstari wa mbele. Toleo lile la senti 10 limegeuka mali: mwaka 2024 nakala moja iliyotunzwa vizuri iliuzwa kwa dola milioni 6.

Habari hizo zinaonekana kuwa mbali na vumbi la barabara ya Lodwar kwenda Kakuma. Lakini Turkana, kaskazini mwa Kenya, imo ndani ya katuni hizi tangu zamani, na iliwekwa humo na watu ambao hawakumuuliza mkazi wake hata mmoja. Kwa hiyo shabiki wa Turkana ana haki ya kusoma akiwa na maoni yake, tena maoni makali. Ubishi ni nusu ya utamu wa katuni za mashujaa: nani ana nguvu kumshinda nani, nani ameonewa na mtunzi, toleo gani linastahili kutunzwa na lipi ni hasara ya karatasi.

Kesi ya kwanza ni ya Storm. Mei 1975 Marvel ilitoa toleo nene la Giant-Size X-Men, na ndani yake Len Wein na Dave Cockrum wakamtambulisha Ororo Munroe, mwanamke mwenye nywele nyeupe anayeamuru upepo, radi na mvua. Matoleo ya baadaye yalieleza kwamba mama yake alikuwa Mkenya na baba yake Mmarekani mweusi. Msomaji anapomwona kwa mara ya kwanza, Ororo yuko Kenya. Ukame umekaza, watu wamekusanyika kumwomba, naye anapaa na kuwashushia mvua. Muda si muda anatokea Profesa Xavier, mwanzilishi wa kundi la X-Men, anamshawishi, na binti anaondoka kwenda kwenye shule ya profesa huyo katika jimbo la New York.

Hapo ndipo shabiki wa Lodwar anapokuja juu, na ana kila sababu. Mji wake hupata takriban milimita 200 za mvua kwa mwaka, kiasi ambacho miji mingine ya Kenya huweza kupata kwa mwezi mmoja wa masika. Mtu anayeweza kuleta mvua kwa kuinua mkono anachukuliwa kutoka nchi yenye ukame na kupelekwa mahali ambako mvua na theluji hunyesha bila kuombwa na mtu. Kwa miaka 50 Storm amepigana na majitu ya chuma, amekwenda sayari nyingine, mwaka 2006 akaolewa na mfalme wa nchi ya kubuni ya Wakanda na mwaka 2012 ndoa ikavunjika. Katika kazi zote hizo, zamu ya Turkana bado haijafika. Mkusanyiko wowote wa katuni unaoanzishwa kaskazini mwa Kenya unapaswa kuwa na toleo hilo la 1975, hata likiwa ni chapa ya marudio, kwa sababu ndilo ushahidi wa deni.

Kuna hoja ya pili juu ya Storm, nayo ni ya ndani zaidi. Kwa imani ya Waturkana mvua ni ya Akuj, Mungu aliye juu. Emuron, yaani mwaguzi, huota ndoto, kisha hutaja rangi ya mnyama wa kuchinjwa; watu hukusanyika, hula nyama pamoja na kuomba kwa sauti moja. Mvua ni shughuli ya jamii nzima. Storm hufanya kazi peke yake, angani, watu wakimwangalia kutoka chini. Mtunzi aliyekulia Lokitaung asingemchora hivyo. Angeanza na ndoto na kumtafuta ng'ombe wa rangi iliyotajwa. Watu wangechinja na kula kwanza, na wingu lingejitokeza katika ukurasa wa mwisho tu.

Kesi ya Wakanda ni nzito zaidi. Nchi hiyo ya kubuni ilionekana kwa mara ya kwanza Julai 1966 katika toleo la 52 la Fantastic Four, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby, pamoja na mfalme wake T'Challa, yaani Black Panther. Mahali ilipo pamekuwa pakihamahama kulingana na watunzi. Wengine waliipeleka Ziwa Viktoria. Lakini atlasi ya kampuni ya Marvel yenyewe iliiweka kando ya Ziwa Turkana, ikipakana na nchi halisi za Kenya na Ethiopia na nchi nyingine za kubuni, na ramani inayoonekana katika filamu ya Captain America: Civil War ya mwaka 2016 ikafuata mkondo huohuo. Kwa maneno mengine, taifa lenye teknolojia ya juu kabisa duniani limechorwa mahali ambapo mvuvi wa Kalokol hutega nyavu zake za tilapia na sangara.

Wakanda inasemekana kujificha kwa mitambo inayoonyesha msitu mahali palipo na mji. Shabiki wa Turkana hakubali, na hoja yake haina jibu: hakuna mtambo unaoweza kuificha nchi kwa mfugaji anayemtafuta ngamia aliyepotea. Mfugaji huyo husoma nyayo kwenye changarawe, hukumbuka kila kisima na kila mti, na hatembei kwa kuamini macho peke yake. Angeingia Wakanda siku ya tatu, angemkuta ngamia wake katika bustani ya mfalme, na angedai maji kabla ya salamu kuisha.

Utajiri wa Wakanda ni madini ya vibranium, yaliyoanguka kutoka angani. Turkana nayo ina hazina yake chini ya ardhi. Machi 2012 mafuta yaligunduliwa katika kisima cha Ngamia 1, eneo la Lokichar. Mwaka 2018 malori yakaanza kuyasafirisha kuelekea Mombasa, na mwaka 2019 shehena ya kwanza ikapakiwa melini. Mwaka 2013 ikatangazwa pia kuwa kuna maji mengi chini ya uwanda wa Lotikipi, kaskazini mwa Kakuma, ingawa vipimo vya baadaye vilionyesha kuwa yana chumvi. Msomaji wa Lokichar humwelewa T'Challa haraka kuliko msomaji wa New York. Katika katuni, Wakanda iliuza kiasi kidogo tu cha hazina yake. Mapato yake iliyatumia kujenga elimu na teknolojia ya watu wake. Ndiyo sehemu ya hadithi inayostahili kusomwa polepole, na ndiyo inayorukwa na wasomaji wenye haraka ya kufika kwenye vita.

Hata hivyo Wakanda ina doa ambalo Kakuma hulitambua mara moja. Kwa karne nyingi ilifunga mipaka yake. Katika filamu ya Black Panther ya mwaka 2018, mmoja wa wakuu wake anapinga kuwapokea wakimbizi kwa sababu, kwa maoni yake, watakuja na shida zao. Na ukiifuata ramani ya Marvel, nchi hiyo ni jirani wa kambi ya Kakuma. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1992 kuwapokea vijana wa Sudan waliotembea hadi Ethiopia, wakafukuzwa na vita, wakatembea tena hadi Kenya. Leo Kakuma na makazi ya Kalobeyei yana karibu watu 300,000 kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia, Sudan na kwingineko. Wote hao wamepokelewa katika mojawapo ya kaunti maskini zaidi za Kenya, yenye upungufu wa maji, kuni na malisho, na mahali ambapo mwenyeji na mgeni wamewahi kugombana, kisha wakaendelea kuuziana mkaa, mbuzi na unga. Wakanda yenye vibranium ilifunga mlango. Turkana isiyo na vibranium iliufungua. Kwa kipimo cha ushujaa, hukumu ya shabiki wa Kakuma ni kwamba Waturkana wanashinda, na hukumu hiyo ni ya haki.

Kakuma ndiko pia Superman anakosomwa vizuri kuliko mahali pengine popote. Ukiondoa joho na misuli, hadithi yake ni ya mtoto ambaye nchi yake imeangamia. Wazazi wake, wakijua hawataokoka, wanamtanguliza peke yake. Anafika ugenini bila hati yoyote, analelewa na wakulima wasio wa damu yake, anapewa jina jipya, anajifunza lugha ya wenyeji na kuficha kile kinachomtofautisha nao. Waliomtunga walikuwa wana wa familia za Kiyahudi zilizohamia Amerika kutoka Ulaya. Kwa kijana aliyeletwa kambini na shangazi au jirani, akalelewa na watu waliompokea njiani, kurasa hizo zinazungumza naye moja kwa moja. Na shabiki wa huko ana swali ambalo watunzi wa Marekani hawakulijibu kwa miaka mingi: nani alimwandikisha mtoto huyu, na kadi yake ya chakula iko wapi?

Maisha ya ukimbizini Kenya yana katuni yake pia, na ni kitabu kizuri sana. When Stars Are Scattered, kilichotolewa mwaka 2020 na Victoria Jamieson pamoja na Omar Mohamed, kinasimulia utoto wa Omar na mdogo wake Hassan katika kambi ya Dadaab, na kilifika fainali ya Tuzo ya Kitaifa ya Vitabu ya Marekani. Hakina mtu anayeruka angani. Kina foleni ya maji, foleni ya chakula, na kaka anayepima kama aende shule au abaki kumlea ndugu yake asiyeweza kuzungumza kama wengine. Kitabu hicho kikiwekwa kwenye rafu moja na Superman, kila kimoja hukifafanua kingine.

Baada ya mambo mazito, mashabiki hurudi kwenye mchezo wanaoupenda kuliko yote: kumchukua shujaa wa mbali, kumshusha katika stendi ya Lodwar saa sita mchana na kuona atafanya nini. Batman hafiki mbali. Vazi lake jeusi, zito na lenye kofia ya kuziba masikio, lilishonwa kwa usiku wa mji wenye baridi. Kwenye joto la nyuzi 36 angeishia kwenye kivuli cha kwanza kabla ya kuvuka daraja la Turkwel kwenda Kanamkemer. Spider-Man anahitaji maghorofa ya kurushia utando wake, na Lodwar ina mikoma na minara ya simu. Angeruka mara mbili, kisha angemwita mtu wa boda boda. Joho la Superman lina shida ya aina yake. Mavazi ya mashujaa yaliigwa kutoka kwa watu wenye nguvu wa sarakasi, waliofanya kazi ndani ya hema, pasipo upepo. Upepo wa Ziwa Turkana ni mkali kiasi kwamba ng'ambo ya mashariki, upande wa Marsabit, umewekewa mitambo 365 ya kuzalisha umeme. Joho refu huko lingemfunika uso kila anapotaka kuona adui. Shuka ya mfugaji, inayofungwa bega moja na kuacha mkono wa mkuki huru, ni vazi lililofikiriwa vizuri zaidi.

Anayeinuka katika mchezo huo ni Aquaman. Duniani kote ndiye anayechekwa, kwa kuwa kuzungumza na samaki huonekana kipawa cha chini. Kando ya ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 250, ambako dhoruba huzamisha mashua na Kisiwa cha Kati kimejaa mamba wanaozaliana, kipawa hicho kingemfanya mtu mkubwa. Angekuwa na heshima Kalokol kuliko gavana.

Kuhusu silaha, shabiki wa Turkana haombi kitu kwa jirani. Makucha ya chuma ya Wolverine, aliyetokea mwaka 1974, huhesabiwa kuwa ubunifu mkubwa. Waturkana walikuwa na abarait zamani sana: kisu cha duara kinachovaliwa kwenye kifundo cha mkono, kingo zake zikiwa zimefunikwa kwa ukanda wa ngozi. Ukanda ukivuliwa, mkono wenyewe unakuwa silaha. Ukirudishwa, mtu anaweza kumbeba mtoto. Ruth E. Carter, aliyebuni mavazi ya filamu ya Black Panther na kupata Oscar kwa kazi hiyo mwaka 2019, aliangalia mavazi na mapambo ya jamii nyingi za Afrika, Waturkana wakiwemo. Shanga za shingoni zinazovaliwa na akina mama sokoni Lodwar zilifika Hollywood kabla ya wenye shanga kualikwa.

Hoja nyingine isiyoisha ni ya udhaifu. Shujaa asiye na mahali pa kuumia hachekeshi wala hatishi, na watunzi wa Superman waliligundua hilo wakamletea kryptonite, jiwe la kwao linalomnyong'onyeza. Wasimulizi wa Afrika Mashariki hawakuhitaji kufundishwa. Fumo Liyongo wa pwani hakuweza kuuawa kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyemchoma alikuwa mwanawe mwenyewe. Lwanda Magere wa Waluo alikuwa na mwili wa jiwe, na nguvu zake zilikuwa kivulini mwake. Siri ikatoka kwa mke aliyeletwa kutoka kwa maadui. Katika ngano hizo zote mbili siri hutoka nyumbani. Kryptonite ni jiwe tu, linaweza kuokotwa na yeyote. Kwa mpangilio wa hadithi, kivuli cha Lwanda Magere kinalishinda jiwe la Superman kwa mbali.

Na ngano hiyo ilishachorwa. Miaka ya 1980 wasomaji wa Kenya walipata Pichadithi, mfululizo wa vitabu vya katuni vilivyozigeuza ngano za nchi kuwa picha, wakiwemo Lwanda Magere na wengine. Nyuma yake alikuwepo Terry Hirst, mchoraji aliyekuwa ameanzisha jarida la Joe pamoja na Hilary Ng'weno mwaka 1973, na kazi hiyo ilimhusisha pia Frank Odoi, mzaliwa wa Ghana aliyefanya maisha yake Nairobi. Odoi ndiye aliyewapa wasomaji Akokhan, hadithi ndefu ya watu wenye nguvu za kimiujiza inayosimama bega kwa bega na katuni yoyote ya Marekani. Alifariki mwaka 2012 katika ajali ya matatu jijini Nairobi. Huwezi kuufungua ukurasa wake bila kuona jinsi alivyojaza pembe zote: majani, mabega, moshi, nyuso za watu wa nyuma ambao hawana hata sentensi moja ya kusema.

Kabla yao alikuwepo Lance Spearman. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, jarida la African Film la kampuni ya Drum lilisomwa Nairobi, Lagos na Accra kwa pupa. Halikuwa la michoro bali la picha za kamera zilizopangwa kwa visanduku, na ndani yake Jore Mkwanazi aliigiza mpelelezi mwenye kofia, tai ya kipepeo na ndevu za kidevuni, akisaidiwa na Sonia na kijana Lemmy. Kulikuwa pia na jarida la Boom, lenye Fearless Fang, shujaa wa mwituni. Kwa wasomaji wengi wa Afrika Mashariki, huyo Spearman ndiye mtu mweusi wa kwanza waliyemwona akiwa mshindi katika kila toleo. Tanzania iliegemea zaidi kwenye kicheko, kwa Chakubanga wa gazeti la Uhuru na wahusika wa jarida la Sani. Kenya nayo ilikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo, ambaye hakuwa na nguvu yoyote na alidumu kwa miongo mingi.

Mwaka 2010 ukaja Shujaaz. Jarida hilo la katuni, lililoandikwa kwa Sheng na kugawiwa bure ndani ya gazeti na kwenye vibanda vya M-Pesa, lilimleta DJ Boyie, kijana asiye na kazi aliyejitengenezea kituo cha redio ya siri chumbani kwake. Lilishinda tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka 2012. Nguvu ya Boyie ni habari: anawaambia vijana wenzake kuhusu ufugaji wa kuku, kura na afya. Kuna mashabiki wanaomkataa kwa kuwa haruki. Wamekosea. Mtu aliyefika vibanda vingi nchini bila kulipiwa amefanya kazi ambayo Superman hajaifanya.

Ukusanyaji wenyewe una kanuni moja inayowashangaza wengi: thamani hutokana na upotevu. Katuni za mwaka 1938 ni ghali kwa sababu watoto walizisoma hadi zikachanika, na wakati wa vita vya pili vya dunia karatasi zilikusanywa na kusagwa upya. Wamarekani walipogundua thamani hiyo wakaanza kununua na kuficha. Superman alipouawa katika toleo la 75, mwishoni mwa 1992, ziliuzwa nakala kama milioni 6, nyingi zikiwa ndani ya mfuko mweusi usiofunguliwa. Mwaka uliofuata Superman akafufuka, na nakala zile, kwa kuwa kila mtu alizitunza, hazina bei ya maana. Shabiki wa Turkana huongeza lake: kifo kisicho na matanga wala mnyama wa kuchinjwa hakikupaswa kuaminiwa tangu mwanzo.

Kwa kanuni hiyohiyo, vitu adimu vya Afrika Mashariki ni vile vilivyofungiwa sukari na chumvi madukani: African Film, Boom, Pichadithi, matoleo ya kwanza ya Shujaaz. Watu wengi hawajui kuwa wanavyo. Viko chini ya magodoro, kwenye masanduku ya shule, kwenye marobota ya vitabu vya mitumba yanayofika Lodwar kutoka Kitale.

Kuvitunza si kazi ya tajiri. Karatasi ya gazeti ina asidi ndani yake, ndiyo sababu hugeuka manjano, kisha kahawia, kisha huvunjika ikikunjwa. Joto huharakisha kuoza huko na jua huua rangi. Turkana ina bahati moja kubwa: hewa yake ni kavu, hivyo ukungu unaokula vitabu Mombasa si tishio kubwa, na pini za chuma katikati ya kitabu hazishiki kutu haraka. Maadui wake ni mchwa, vumbi na paa la mabati. Sanduku la bati lililosukumwa hadi karibu na paa hugeuka tanuri. Likiwekwa chini kabisa, mchwa hulifikia, na Kakuma mto Tarach ukifurika maji hufika kwanza. Mahali pazuri ni kwenye rafu au juu ya mawe, upande wa nyumba usiopigwa na jua la alasiri. Kila kitabu kiwe kwenye mfuko safi wa plastiki na kadibodi nyuma yake, visimame wima bila kubanwa. Utepe wa gundi usitumike kamwe kuziba palipochanika, kwani huacha doa lisilotoka. Mikono ioshwe kwanza. Anayekopeshwa aandikwe jina.

Kuhusu kipi kiingie, mkusanyiko wa Lodwar au Kakuma usinakili wa Chicago. Giant-Size X-Men ya 1975 na hadithi za Black Panther zina haki ya kuwemo kwa sababu zinaitaja nchi hii. Superman awemo kwa ajili ya Kakuma. Baada ya hapo nafasi iwe ya Spearman, Odoi, Hirst na Shujaaz, na nafasi nyingine iachwe wazi kwa makusudi, kwa vitabu ambavyo ardhi hii inavidai.

Maana malighafi ipo. Kwa masimulizi ya Wajie wa Uganda na Waturkana, mwanamke aitwaye Nayece alitoka magharibi, upande ambao sasa ni Uganda, akiokota matunda ya mwituni, akafika bonde la Tarach, mto uleule unaopita Kakuma. Fahali wa kijivu, Engiro, akapotea. Vijana waliofuata nyayo zake wakamkuta fahali na mwanamke pamoja, katika nchi yenye malisho, na hapo likaanza taifa zima. Katika karne ya 19 akawepo Lokerio, emuron mkuu, ambaye inasimuliwa kuwa aliyapiga maji ya Ziwa Turkana kwa fimbo yakaachana, wapiganaji wakavuka kuwafuata ngamia wa ng'ambo. Na mwanzoni mwa karne ya 20 akawepo Ebei, aliyeongoza wapiganaji dhidi ya majeshi ya Waingereza. Mmoja mwanzilishi, mmoja mwenye miujiza, mmoja jemadari: kampuni yoyote ya katuni ingelipa fedha nyingi kwa watu watatu wa namna hiyo. Nariokotome nako, mwaka 1984, Kamoya Kimeu alipata mabaki ya mtoto aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita, na mtoto huyo bado anasubiri kuchorwa akikimbia kando ya ziwa lake.

Basi mwenye nakala ya Pichadithi au ya African Film nyumbani asiifungie mandazi. Aifute vumbi, aandike kwenye karatasi ya pembeni aliipata wapi na mwaka gani, na kama hana mahali pa kuitunza aipeleke kwenye maktaba ya shule iliyo karibu. Na kijana wa Lodwar au Kakuma mwenye penseli aanze na Lokerio, akiwa bado na wazee wa kumsimulia.